Tairi linapungua upepo polepole: kamba, kiraka cha ndani, dawa ya kuziba au tyubu?

Tairi likipasuka ghafla hakuna la kuchagua: unatoa jeki, unafunga spea, safari inaendelea. Linalosumbua ni lile linalopungua kidogo kidogo. Jumatatu umejaza upepo ukafika psi 33 (psi ni kizio cha kupimia upepo wa tairi), Ijumaa geji inasoma 24, unajaza tena, na wiki inayofuata mambo ni yale yale. Watu huishi na tairi la namna hiyo miezi na miezi kwa kuwa gari linatembea. Lakini tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Joto nalo huachanisha tabaka za raba na nyuzi zilizo ndani yake. Tairi linalopasuka njia ya Chalinze jua la saa nane, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, huenda lilianza kuharibika wiki kadhaa nyuma, mjini, kwa tundu la msumari mmoja.

Ukilifikisha kwa fundi pancha utatajiwa njia nne: kulichoma kamba kutoka nje, kulifungua na kubandika kiraka ndani, kumimina dawa ya kuziba kupitia valvu, au kulitia tyubu. Ukiuliza mafundi wawili utapata majibu mawili, na kila mmoja ana sababu zake. Kwa maoni yangu hakuna njia hata moja kati ya hizo inayostahili kutupwa. Kinachoamua ni mambo mawili: uvujaji uko wapi, na gari hilo kesho linakwenda wapi.

Kabla ya kuchagua, tafuta panapovuja

Hakikisha kwanza kwamba kweli panavuja. Tairi zima nalo hupoteza upepo, kama psi 1 hadi 2 kwa mwezi. Baridi pia hushusha kipimo: joto la hewa likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, geji hushuka karibu psi 2. Aliyejaza upepo mchana wa jua kali Arusha, akapima alfajiri ya Julai, ataona matairi yote manne yamepungua, na wala hakuna pancha. Dalili ya pancha ni tairi moja kuachwa nyuma na wenzake. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ulinganishe na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, siyo kipimo cha gari lako.

Kisha chukua maji na sabuni ya kuoshea vyombo, jaza tairi hadi kipimo chake kamili au zaidi kidogo, uanze kunyunyizia. Anza na valvu. Fungua kifuniko, dondoshea povu mdomoni, utulie. Uvujaji mdogo hautoi sauti. Unatoa mapovu madogo ya ukubwa wa ufuta yanayojikusanya taratibu na kuwa kuba moja. Ukiona kimya, ishike valvu uisukume huku na huku kwa kidole: raba iliyozeeka hupasuka kwenye shina, na ufa wake hufunguka pale tu inapopinda. Baada ya hapo nyunyizia uso wa tairi wote, ukilisogeza gari kidogo ili sehemu iliyolala chini nayo ionekane. Malizia na mzingo ambao mdomo wa tairi unakutana na rimu, pande zote mbili. Upande wa ndani hauonekani gurudumu likiwa limefungwa, ndiyo maana fundi hulitoa na kulizamisha kwenye pipa lililokatwa au karai kubwa la maji.

Ukikuta msumari au skrubu, usiing'oe. Mara nyingi kichwa chake kimesagwa na lami hadi kinang'aa kama sarafu mpya, na mwili wake ndio unaoziba nusu ya tundu. Weka alama ya chaki, jaza upepo, nenda kwa fundi. Ukiung'oa hapo ulipo bila kifaa mkononi, pancha ya polepole imegeuka pancha ya sasa hivi.

Majibu mawili kati ya yale yanayoweza kutokea hapa yanamaliza mjadala mapema. Kama panapovuja ni valvu, badilisha sindano yake ya ndani, au valvu nzima kama raba imechakaa. Ni kazi ndogo na bei yake ni ndogo. Kama ni bega la tairi au ubavu, usitafute wa kuziba. Ubavu unapinda kila gurudumu linapozunguka, nyuzi zake ndizo zinazobeba mzigo, na hakuna kiraka cha gari dogo kinachoweza kurudisha uzi uliokatika. Tairi hilo ni la kubadilishwa, hata kama kashata zake, yale meno ya kukanyagia barabara, bado ni mpya.

Jibu la tatu ni la rimu, nalo linahitaji maneno zaidi kwa wanaoishi pwani. Hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hula rimu za alumini kuanzia pale rangi ilipochubuka. Panaota unga mweupe mgumu chini ya mdomo wa tairi, tairi linainuliwa unene wa karatasi tu, na upepo unapita hapo usiku kucha. Mtu anaweza kuziba tundu la msumari mara tatu na bado tairi likaamka limelala. Dawa yake ni tairi kutolewa, unga ule kusuguliwa kwa brashi ya waya mpaka rimu iwe laini, na ukingo kupakwa gundi maalumu ya mdomo wa tairi kabla ya kujazwa. Rimu iliyopinda kwa shimo au tuta inanyooshwa kama haijapata ufa. Ikiwa na ufa, tafuta nyingine.

Baki na tundu lililo kwenye uso wa tairi, ile sehemu inayokanyaga barabara. Hapo ndipo njia zote nne zinapogombea.

Vigezo vya kulinganisha

Nimevipanga kwa uzito ninaovipa. Cha kwanza: je, njia hii inamlazimu fundi kulifungua tairi na kuangalia ndani? Cha pili, inaziba nini hasa na inadumu vipi kwa mwendo wa barabara kuu. Cha tatu, muda, vifaa na gharama. Cha nne, inaacha nafasi ya matengenezo bora baadaye, au inaifunga?

Nimekiweka mbele kigezo cha kuangalia ndani kwa sababu moja. Tairi lililotembea na upepo mdogo hujisaga lenyewe kwa ndani. Likifunguliwa unakuta unga mweusi wa raba umetanda chini, na mstari uliokwaruzika umezunguka ubavu mzima. Kwa nje tairi hilo ni zuri, linaweza hata kupendeza. Ukilizibia tundu umepata chombo kinachoshika upepo ambacho ubavu wake umeshachoka, na hilo halionekani kwa macho yaliyo nje.

Kamba kutoka nje

*Kuona ndani:* hapana. Fundi anang'oa msumari, anapanua tundu kwa chuma chenye meno, anapitisha kamba ya raba yenye gundi, anaukata mkia kwa wembe karibu na uso wa tairi. Gurudumu linaweza kubaki kwenye gari muda wote.

*Inaziba nini:* njia ya msumari wenyewe, kwa kubana. Tundu dogo lililonyooka, katikati ya uso, linaziba vizuri, na wapo madereva wanaomaliza tairi zima na kamba ndani yake. Lakini tundu la pembeni au lililopigwa mshazari huilegeza kamba, na ule upanuaji wa tundu ukifanywa kwa nguvu hukata waya za chuma zilizo chini ya raba. Chama cha watengenezaji matairi cha Marekani, USTMA, hakikubali kamba peke yake kuwa matengenezo kamili. Kinataka tairi litolewe kwenye rimu, likaguliwe ndani, na tundu lijazwe raba na kufunikwa kwa kiraka upande wa ndani.

*Muda na gharama:* hapa kamba haina mpinzani. Ni dakika chache na fedha kidogo, tena kifurushi chake kinaenea kwenye buti pamoja na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari.

*Kinachofuata:* bado unaweza kulifungua tairi baadaye ukatiwa kiraka, ikiwa tundu halikupanuliwa kupita kiasi.

Inamfaa aliye njiani, mbali na gereji, mwenye msumari mmoja katikati ya uso wa tairi na upepo ambao haukuwahi kushuka sana. Inamfaa pia mwenye gari la mwendo wa mjini ambaye yuko radhi kupima upepo kila wiki. Anayekwenda Mwanza na familia nzima kesho alfajiri ningemwomba asiishie hapo.

Kiraka cha ndani, na kiraka cha uyoga

*Kuona ndani:* ndiyo, hakuna namna nyingine ya kukibandika. Kwangu hilo peke yake lina thamani sawa na kiraka chenyewe.

*Inaziba nini:* inategemea kiraka. Kile cha bapa kinaziba upande wa ndani tu. Upepo hautoki tena, lakini tundu linabaki wazi kwa nje, maji ya mvua na matope yanapenya hadi kwenye waya za chuma, na kutu inaanza kazi yake polepole. Kile cha uyoga kina kofia inayobandikwa ndani na shina linalovutwa kupitia tundu hadi nje, kwa hiyo kinajaza njia ya msumari na kufunika mdomo wake kwa mkupuo mmoja. Hiki ndicho kinachokaribia matakwa ya viwango. Uingereza, kwa mfano, kiwango chake cha BS AU 159 kinaruhusu matengenezo madogo kwenye robo tatu ya katikati ya upana wa uso wa tairi, na tundu la milimita 6 ndilo kikomo cha kawaida kwa magari madogo huko na Marekani pia.

Ubora wa kiraka uko kwenye mikono ya fundi zaidi kuliko kwenye pakiti. Simama uangalie. Sehemu ya ndani inatakiwa isafishwe, ikwanguliwe mpaka iwe na ukavu wa kitambaa cheusi kisicho na mng'ao, ipakwe solushen (gundi ya viraka), kisha iachwe dakika kadhaa hadi ikiguswa inanata bila kulowesha kidole. Fundi mwenye haraka anabandika solushen ikiwa bado mbichi, na kiraka hicho kitaanza kuachia kwenye kingo. Baada ya kubandika, kinakandamizwa kwa kigurudumu kidogo chenye meno kutoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki chini yake. Wapo pia wanaobandika kwa moto. Ikifanywa kwa kipimo inashika vizuri, ila joto likizidi linaichoma ile raba laini ya ndani inayozuia upepo kupita. Ukimkuta fundi anayekadiria joto kwa macho tu, chagua kubandika bila moto.

*Muda na gharama:* nusu saa hadi saa moja, na mashine ya kufungulia tairi au nguvu za mikono miwili yenye uzoefu. Bei ni kubwa kuliko ya kamba lakini ni sehemu ndogo sana ya bei ya tairi jipya. Ongeza na kubalansi gurudumu, hasa likiwa la mbele, la sivyo usukani utaanza kutetemeka kwenye kasi. Kiraka cha uyoga hakipatikani kila kijiwe, kwa hiyo uliza kabla tairi halijafunguliwa.

*Kinachofuata:* haya ndiyo matengenezo yenyewe. Hakuna la kusubiri baada yake, ila viraka viwili visipandiane, na kwenye tundu lililokwisha kutengenezwa usirudie.

Kinamfaa kila mwenye tairi zuri analotaka kulitumia bado, na hasa mwenye safari ndefu.

Dawa ya kuziba

*Kuona ndani:* hapana, na inawazibia macho hata watakaokuja kuangalia baadaye.

*Inaziba nini:* matundu madogo ya uso wa tairi, na kwa muda hata uvujaji mwembamba wa mdomo wa rimu. Unaimimina au kuipuliza kupitia valvu, unajaza upepo, kisha unaendesha kilomita chache ili gurudumu likizunguka liisambaze. Makopo mengi yana onyo la kutozidi kilomita 80 kwa saa na kwenda kwa fundi mapema iwezekanavyo. Lichukulie onyo hilo kama lilivyo. Tundu kubwa dawa hailiwezi, na ubavu uliochanika ndiyo kabisa.

*Muda na gharama:* dakika chache, bila jeki, bila kulala chini ya gari kando ya barabara usiku. Kopo moja mara nyingi linazidi bei ya fundi wa pancha, lakini hapa unalipia kuondoka mahali usipotaka kusimama. Soma tarehe ya mwisho kwenye kopo, kwa kuwa dawa iliyokaa miaka mingi kwenye buti la gari linaloanikwa juani huganda.

*Kinachofuata:* hapa ndipo inapogharimu. Kimiminika hujikusanya upande mmoja na kuharibu balansi. Fundi akilifungua tairi anakuta uji uliotapakaa, na raba yenye uji haishiki kiraka mpaka ioshwe na kukaushwa. Wengine hukataa kazi. Gari lenye kihisi cha upepo ndani ya gurudumu linaweza kuzibwa kihisi chake. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hayana kihisi hicho, lakini yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 2008 na la Ulaya tangu 2014 yana mfumo wa kuonya, na baadhi hutumia vihisi vya aina hiyo. Mwambie fundi mapema kwamba umetia dawa. Ni haki yake kujua kitakachomrukia.

Inamfaa mwenye gari lisilo na spea, aliyekwama na nati zilizogoma, au aliye mahali ambapo kusimama ni hatari kuliko tairi lenyewe. Kwa aliyeegesha nyumbani na fundi yuko mtaa wa pili, sioni sababu ya kuanza nayo.

Kutia tyubu kwenye tairi lisilo la tyubu

*Kuona ndani:* ndiyo, tairi linafunguliwa.

*Inaziba nini:* kwa kweli haizibi chochote, inahamisha kazi ya kushika upepo kutoka kwenye tairi na rimu kwenda kwenye tyubu. Ndiyo sababu inapendwa pale rimu ya chuma imeliwa na kutu au imepigwa nyundo mara nyingi. Udhaifu wake uko kwenye pancha inayofuata. Tairi lisilo na tyubu likichomwa msumari huukumbatia na kupungua taratibu. Tyubu ikichomwa huachia upepo kwa mara moja, na upepo unatoka kupitia tundu la valvu na mdomo wa rimu. Kwenye kona ya mlima hiyo ni tofauti kubwa. Tyubu pia husuguana na tairi na kupata joto, na ikiwa kubwa kuliko tairi hujikunja, na mkunjo huo ndio utakaochanika.

*Muda na gharama:* muda wake ni kama wa kiraka, bei inafuata saizi ya tyubu. Vibandiko vya karatasi na makovu makali ndani ya tairi viondolewe kwanza, na tundu lenyewe lizibwe ili mawe na maji visiifikie tyubu.

*Kinachofuata:* unaweza kuitoa siku yoyote ukapata rimu nzuri.

Inafaa pikapu ya shamba inayokwenda polepole kwenye barabara ya changarawe, na rimu mpya haijapatikana. Kwa gari la abiria la barabara kuu siipendekezi, na watengenezaji wengi wa matairi wanaikataa.

Kwa hali yako

Uko safarini, fundi hayupo karibu, msumari uko katikati: choma kamba, punguza mwendo, na ukifika mjini lifungue tairi. Kama spea yako ina upepo, funga spea na uache kamba kabisa.

Uko nyumbani na una siku mbili tatu kabla ya kusafiri: kiraka cha uyoga, balansi, kisha upime upepo kesho yake asubuhi na tena baada ya siku tatu.

Umeliendesha tairi likiwa karibu limelala, hata kwa mwendo mfupi: usikubali njia yoyote ya nje. Lifunguliwe. Ukiuona ule unga mweusi, nunua tairi.

Tairi limezibwa, bado linapungua: rudi kwenye maji na sabuni, anza na valvu na mdomo wa rimu.

Umenunua tairi la mtumba na unaona mkia wa kamba umechungulia: mwambie muuzaji alifungue mbele yako kabla ya kulipa. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo halihitaji kiraka, linahitaji mrithi. Hali kadhalika tairi lililobaki na kina cha milimita 1.6 au pungufu, pale vile vituta vidogo vilivyo kwenye mifereji vinapolingana na uso.

Una teksi inayolala na kuamka mjini, mapato ya siku yanategemea gurudumu kuzunguka: kamba asubuhi inakuvusha, ila panga saa moja ya jioni hiyohiyo au ya siku ya mapumziko kwa ajili ya kiraka. Abiria wako hawana njia ya kujua kilicho ndani ya tairi, wewe unayo.